Gari ya Mmarekani au ya Mjapani? Kwa wewe unaenunua gari ya kwanza huku Marekani

Ukifika huku Marekani kila mtu atakwambia ununue Toyota. Binamu atakwambia Toyota, jirani Mkongo atakwambia Toyota, mchungaji nae akimaliza maombi atakwambia Toyota. Halafu unaingia mtandaoni kutafuta unakuta Camry ya 2014 imeshatembea maili laki na nusu, na pembeni yake kuna Ford Fusion ya mwaka huohuo, maili pungufu, viti vya ngozi, na bei iko chini kwa dola elfu kadhaa. Hapo ndo kichwa kinaanza kuuma maana hela yenyewe ya kuungaunga na kredit (rekodi yako ya kulipa madeni) bado haijakaa sawa.

Hiyo tofauti ya bei haijadondoka toka mbinguni, ni matokeo ya kama miaka 50 ya Wamarekani kupigwa nyumbani kwao, na ukielewa walipigwaje utajua wapi inafaa umlipe Mjapani hela ya ziada na wapi unalipia jina tu. Msimamo wangu nauweka mapema ili asiependa asipoteze muda. Kila kampuni nunua kwake kile kinachomuweka mjini. Detroit (ndo mji wa kampuni kubwa za magari za Kimarekani) wanakula kwa pikapu, vani na SUV kubwa, gari ndogo kwao siku zote zilikuwa mtoto wa kambo. Toyota na Honda walijenga jina lao kwa gari ndogo, wakikosea hapo wamekwisha, na ukiangalia spea zinazokufa mapema na zisizokufa utaona kabisa nani alikuwa anatengeneza kwa moyo na nani alikuwa anakamilisha orodha.

Kwanza, huyo Mmarekani ni nani

Chungulia chini ya kioo cha mbele upande wa dereva usome ile namba ndefu ya gari. Alama ya kwanza inakwambia gari limeundwa wapi: 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Meksiko, J Japani, K Korea. Sasa Camry nyingi za huku zinaanza na 4 maana zinatoka Georgetown, Kentucky, ambako Toyota wanaziunda toka 1988. Accord nyingi zinaanza na 1, zinatoka Marysville, hukuhuku Ohio ninakokaa, na Honda walianza pale 1982, wa kwanza kati ya Wajapani kuunda gari ndogo ndani ya Marekani. Ile Fusion ya viti vya ngozi sasa? Nyingi zinaanza na 3, Hermosillo, Meksiko.

Chrysler, Dodge, Jeep na Ram ndo kabisaa. 1998 wakaunganishwa na Daimler wa Ujerumani, 2007 wakauzwa kwa wawekezaji wa Cerberus, 2009 wakafilisika wakaangukia mikononi mwa Fiat, na toka 2021 wako chini ya Stellantis ambayo makaratasi yake yamesajiliwa Uholanzi. Kwahiyo mfanyakazi mwenzio akikwambia kwa uchungu "nunua cha Marekani bwana", muulize kwa adabu anamaanisha kipi.

Nimesema kwa adabu kwasababu hili jambo lina damu. 1982, Highland Park, pale pale ubavuni mwa Detroit, Vincent Chin, Mmarekani mwenye asili ya China, alipigwa kwa gongo la besiboli akafa siku chache kabla ya harusi yake, na aliempiga alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha Chrysler, kipindi hicho watu wanaachishwa kazi maelfu na lawama zote anatupiwa Mjapani. Na marehemu hata Mjapani hakuwa. Waliohusika walipewa faini ya dola 3,000 na uangalizi, kifungo hakuna. Hasira ya watu wa Michigan na Ohio kuhusu magari ya nje inatoka mbali, kama boksi lako la chakula cha mchana liko kwenye kantini ya kiwanda cha Ford usianze kuwahubiria Corolla.

Humu ninaposema Mmarekani namaanisha Ford, GM (yaani Chevrolet, GMC, Buick na Cadillac) na hilo kundi la Chrysler.

Gari ndogo: hapa hamna mashindano, ila kuna vichochoro

Mwanzoni mwa miaka ya 60 GM peke yake ilikuwa inauza karibu nusu ya magari yote yanayouzwa Marekani. Leo wako kwenye moja ya sita hivi. Kilichowaangusha mwanzo kabisa ni mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziligoma kuiuzia Marekani mafuta, foleni za petroli zikajaa barabarani, 1979 mapinduzi ya Iran yakaleta foleni tena, na wenye magari marefu ya V8 (injini ya silinda nane) wakaanza kutafuta kitu kidogo kisichokunywa. Detroit walikuwa nacho hicho kidogo, shida ni aina yenyewe. Chevrolet Vega ilikuwa na bloku ya aluminiamu inayochemka na kula oili, bodi inaoza kutu ingali mpya. Ford Pinto tenki lake lilikaa nyuma ya ekseli, ikigongwa kwa nyuma inaweza kushika moto, 1978 Ford wakalazimika kuziita kama milioni 1.5 zirudi kurekebishwa.

Wakati huohuo sheria ya moshi ilikuwa imepita na wakubwa wa Detroit wanalalamika Washington kwamba haitekelezeki kwa muda uliowekwa. Honda wakaja na Civic CVCC, ikapita vipimo bila hata kile kichujio cha kwenye ekzosi, na kwa kuwakera zaidi walinunua Chevrolet Impala V8 wakaifunga mfumo wao huohuo, nayo ikapita. Mpaka leo nikiifikiria hiyo nacheka.

Serikali ikajaribu kuwakinga. 1981 Japani ikakubali kutopeleka zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Matokeo yake? Kama unaruhusiwa idadi, unapeleka ya bei kubwa, ndo Acura ikaja 1986, Lexus na Infiniti 1989, na kama meli imewekewa kikomo unajenga kiwanda hukuhuku, ndo Kentucky, Tennessee na Ohio zikajaa viwanda vya Wajapani. Ulinzi ukamwalika mgeni sebuleni.

Kuna watu watakwambia tatizo lilikuwa wafanyakazi wavivu na chama chao cha UAW. Gharama zilikuwepo kweli, katikati ya miaka ya 2000 GM ilikuwa inabeba kama dola 1,500 za matibabu ya wafanyakazi na wastaafu kwenye kila gari, na kwenye gari ndogo ambayo faida yake ni hiyohiyo elfu moja moja unaipata wapi hiyo hela? Unaikata kwenye plastiki, kwenye gia boksi, kwenye vitu ambavyo mteja haoni mpaka maili elfu themanini. Hapo nakubali. Ila uvivu hapana, na ushahidi upo Fremont, California. GM walikuwa na kiwanda pale kinachosifika kwa utoro na migomo, wakakifunga 1982. 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, wafanyakazi wengi ni walewale wa zamani, chama kilekile, ila usimamizi wa Toyota ambapo mfanyakazi yeyote akiona kasoro anavuta kamba, laini nzima ya uundaji inasimama. Muda si mrefu ubora ukawa unakaribiana na wa Japani kwenyewe. GM wakaona kwa macho yao, wakapeleka mameneja wakajifunze, halafu viwanda vyao vingine vikaendelea na mambo yao miaka na miaka. Kiwanda kile kilifungwa 2010, sasa hivi ni cha Tesla.

NUMMI inakuhusu wewe mnunuzi kwa sababu moja tamu. Pale ndo ilipoundwa Pontiac Vibe, ambayo ni Toyota Matrix iliyovaa nembo ya Pontiac, injini ya Toyota, gia boksi ya Toyota. Ziliuzwa kuanzia matoleo ya 2003 mpaka 2010. Pontiac imekufa, watu wanaogopa jina la marehemu, kwahiyo bei huwa chini ya Matrix. Ukikuta iliyotunzwa, haijaoza kutu, chukua. Spea uliza za Matrix.

Sasa tuje kwenye zinazouzwa sana mitumba. Kwa gari ndogo ya kukutoa nyumbani kukupeleka kazini mimi nasema Corolla, Camry, Civic, Accord, na usiumize kichwa. Camry za 2012 mpaka 2017 zenye silinda nne lita 2.5 ni gari zinazochosha kwa kutokuwa na habari. Zile za 2007 mpaka 2009 silinda nne kaa nazo mbali kidogo, zinakula oili, Toyota wenyewe walikuja kuzirekebisha baadhi kwa waranti.

Upande wa Mmarekani, Ford Focus za 2012 mpaka 2016 na Fiesta za 2011 mpaka 2016 zenye gia ya otomatiki usiguse hata kama unapewa kwa bei ya mkaa. Waliweka gia boksi ya klachi mbili inayoitwa PowerShift, inatetemeka ukiondoka kwenye mataa, inashtuka, kesi zikaenda mahakamani mpaka wakalipa. Manyuo yake haina hilo tatizo, kama mguu wa kushoto unajua kazi ni gari nzuri sana kuendesha na inauzwa bei ya kutupwa kwasababu Wamarekani wengi hawajui klachi. Hii ni nafasi ya watu wa kwetu kabisa.

Fusion yenyewe inategemea injini. Zile turbo ndogo, EcoBoost za lita 1.5 na 1.6, baadhi zina ugonjwa wa kupitisha maji ya rejeta ndani ya silinda, na hapo unanunua injini. Lita 2.5 ya kawaida haina makuu. Haibridi (petroli na umeme pamoja) ndo ninayoipenda mimi, gia boksi yake inafanya kazi kwa namna moja na ya Prius, Ford na Toyota walikubaliana kabisa kuhusu hataza mwaka 2004, na Escape za mfumo wa aina hiyohiyo zimepiga kazi ya teksi New York miaka mingi. Kwahiyo kati ya Camry ya maili laki mbili na Fusion Haibridi ya maili laki moja kwa bei moja, mimi nachukua Fusion na binamu anune tu.

Mpya? Usitafute. Ford walitangaza 2018 kwamba wanaachana na gari ndogo Marekani wabaki na Mustang, Fusion ya mwisho ikatoka 2020, na Chevrolet Malibu, ya mwisho kabisa kwenye daraja hilo, ikafungiwa Novemba 2024. Nyumba ya Detroit iliyouza gari za familia nchi nzima imeondoka yenyewe kwenye soko hilo. Ukitaka sedani mpya ya bei ya kawaida utanunua kwa Mjapani au Mkorea.

Wageni nao sio malaika

Nissan inauzwa bei rahisi na Wabongo wengi huku wanaangukia hapo, Altima, Sentra, Rogue. Gia boksi zao za CVT (otomatiki ya mkanda badala ya gia), hasa za miaka ya 2013 mpaka 2016, zimeua watu mifukoni, kampuni iliburuzwa mahakamani ikaongeza muda wa waranti, na huo muda umeshapita. Kwa hiyo "ni Mjapani" peke yake haitoshi, uliza Mjapani yupi.

Hyundai na Kia nao wana yao mawili. Injini zao za Theta II kwenye Sonata, Optima na ndugu zao za miaka ya 2010 zilikuwa zinakufa beringi, zimeitwa kiwandani kwa mamilioni. La pili ni wizi, matoleo mengi kati ya 2011 na 2022 yanayowashwa kwa kuzungusha ufunguo hayakuwekwa imobilaiza (kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake), watoto wakafundishana mitandaoni kuziiba kwa waya wa simu, na kuna miji baadhi ya kampuni za bima ziligoma kuzikatia. Piga simu bima kwanza kabla hujalipa. Wanajisifu kwa waranti ya miaka 10 au maili 100,000 ya injini na gia, ni kweli wanayo na ndo iliyowafufua toka 1998, ila kwa mtumba wa mkononi ile ya kumi ni ya mwenye gari wa kwanza, wewe wa pili unapata miaka 5 au maili 60,000 toka siku ilipouzwa mpya. Wauzaji huwa "wanasahau" kusema.

Toyota wenyewe walilipa serikali dola bilioni 1.2 mwaka 2014 kwa kuficha habari za magari yaliyokuwa yanaongeza mwendo yenyewe. Honda wameguswa vibaya na mifuko ya hewa ya Takata, ile inayolipuka na kurusha vyuma usoni. Hii isikutishe, ila gari yoyote kabla hujalipa ingiza ile namba ndefu kwenye tovuti ya NHTSA (idara ya serikali ya usalama wa barabarani), ni bure, itakwambia kama kuna kitu hakijarekebishwa, na dila (muuzaji rasmi) wa kampuni hiyo anakurekebishia bila hela hata kama gari imeshabadilisha wenyewe mara nne.

Wajerumani waliozeeka nawaruka. BMW ya dola 6,000 sio gari ya 6,000.

Pikapu na vani za kazi: hapa mlipe Mmarekani

Kuna kitu kinaitwa ushuru wa kuku na sio utani. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Ujerumani Magharibi na Ufaransa ziliweka ushuru mkubwa kwa kuku wa Marekani, Rais Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa kadhaa ikiwemo malori madogo, ukaanza 1964. Kuku walishasahaulika, ila ushuru wa pikapu ukabaki mpaka leo. Ndo maana Hilux unayoijua wewe huku hamna, Toyota iliacha kuiuza ikaleta Tacoma 1995 inayoundwa Amerika. Chini ya huo mwavuli Detroit wakaweka hela zao zote na akili zao zote kwenye pikapu. Ford F-Series ndo pikapu inayouzwa kuliko zote Marekani toka 1977. Na wanaufurahia ushuru unapowabana wengine tu, maana Ford wenyewe walikuwa wanaleta vani za Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma ili zihesabike gari za abiria, zikifika bandarini viti vinang'olewa zinauzwa kama vani za mizigo. 2024 wakalipa dola milioni 365 kumaliza hilo shauri.

Kwahiyo kama unabeba mbao, unahamisha watu nyumba, unasambaza vifurushi au unafanya usafi wa maofisi, nunua ya kwao. Chevrolet Express ipo toka 1996 na haijabadilika sana, mafundi wote mpaka wa gereji ya uani wanaijua, spea zipo kila kona. Ford F-150 yenye V8 lita 5.0 kuanzia 2011 iko vizuri, ya lita 5.4 ya 2004 mpaka 2008 iache, plagi zake zinakatikia ndani ya silinda hedi ukizitoa na mfumo wa kamshafti unagonga. Chevrolet Silverado lita 5.3 ni ngumu, ila zina ule mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kubana mafuta na tapeti zake huwa zinakufa, ukisikia tik-tik ikiwa baridi usisaini. Zile kubwa za lita 6.2 za 2021 mpaka 2024 GM wameita karibu laki sita mwaka 2025 kwa matatizo ya krenkshafti na koni rodi, sasa hiyo ni aibu kwenye kitu ambacho ndo mkate wao.

Tundra, pikapu kubwa ya Toyota? Ni nzuri, za zamani ni nzuri sana, ila muuzaji anajua, na Toyota wenyewe walipobadili injini kwenye toleo la 2022 wakaacha vichenga vya chuma ndani, wakaita kama laki moja. Tacoma ya miaka 12 inauzwa bei inayokaribia F-150 changa zaidi inayobeba mzigo zaidi. Hapo unalipia jina.

Wanaoendesha malori makubwa, najua mko wengi na wengi mnafikiria kununua la kwenu: Freightliner ni ya Wajerumani toka 1981, Mack ni ya Volvo, Kenworth na Peterbilt ndo za Wamarekani wa PACCAR. Hilo linahitaji siku yake.

Wenye watoto wengi

Hapa ndo pagumu na ndo napoulizwa sana, maana familia ya watu saba haiingii kwenye Corolla hata mkikaliana.

Vani ya familia kwa Marekani waliianzisha Chrysler, mwishoni mwa 1983, miaka michache tu baada ya serikali kuwadhamini mikopo ya dola bilioni 1.5 wasife. Bosi wao Lee Iacocca alitoka Ford kafukuzwa, akaja na hiyo vani, ikauzwa sana ikawalipia madeni. Halafu yakawa yaleyale, wakalala. Gia boksi za miaka ya 90 zikawa zinakufa hovyo, Honda wakaja na Odyssey kubwa toleo la 1999, Toyota wakaja na Sienna, na mama wa kitongojini akahama.

Leo ukilinganisha mitumba, Dodge Grand Caravan ya 2013 mpaka 2020 inauzwa bei ya chini sana kuliko Sienna ya mwaka huohuo, na ina viti vinavyozama sakafuni ukitaka kubeba makochi, kitu ambacho Wajapani hawana kwa mstari wa kati. Injini yake ni V6 lita 3.6, inavumilia ukibadilisha oili kwa wakati, ugonjwa wake ni vyuma vya juu ya valvu kuanza kugonga na nyumba ya filta ya oili ya plastiki kuvuja, vyote vinatengenezeka. Ndani plastiki nyingi, milango ya kuteleza inasumbua, bodi inaoza. Sienna itaenda mbali zaidi bila kukuudhi, kuanzia 2021 zote ni haibridi na zinakunywa kidogo sana, ila bei yake hata ya mtumba ni ya mtu aliejipanga. Odyssey iko katikati, za 1999 mpaka 2004 gia boksi ni janga, za baadae ziko sawa.

Jibu langu: kama una hela taslimu na hutaki mkopo, Grand Caravan, ile tofauti iweke benki kwa ajili ya fundi. Kama unakopa, kopea Sienna. Kukopa miaka sita kwa riba ya mtu asie na kredit ili ununue Dodge, utakuwa bado unalipa wakati gari iko kwenye tela la kukokota.

Una dola 4,000 tu?

Hapa kanuni ya Toyota inageuka. Kwa hela hiyo Toyota utakayopata imeshatembea mpaka imechoka, maana kila mtu anaitaka. Tafuta Buick ya mzee. LeSabre mpaka ya 2005 ndo mwisho, au LaCrosse za 2005 mpaka 2009, zenye ile V6 ya GM inayoitwa 3800. Ni injini ya zamani, haina mbwembwe, mafundi wanaiheshimu, na wenye hizo gari mara nyingi walikuwa wastaafu wanaotoka nyumbani kwenda kanisani na dukani. Baadhi zinavuja kwenye gasketi za juu, mwambie fundi aangalie hapo. Kijana ataona aibu kuiendesha, bima itakuwa rahisi. Inaonyesha GM walijua kutengeneza gari la kudumu, ila pembeni yake walikuwa na chapa nyingi mno zinazouza kitu kilekile, na hela ya kuendeleza haikutosha kwa wote. Oldsmobile ikafa 2004, GM nzima ikafilisika Juni 2009, Pontiac na Saturn zikazikwa, serikali ikaweka karibu dola bilioni 50 na ikarudishiwa pungufu kama bilioni 11. Ford wao walinusurika kwasababu 2006 waliweka rehani karibu kila kitu, mpaka ile nembo yao ya bluu, wakakopa mapema kabla benki hazijafunga milango.

Gari yoyote ya bei hii kwa majimbo ya baridi kama Ohio, Michigan, Minnesota, lala chini uangalie chesesi. Chumvi ya barabarani inakula chuma, injini itakuwa nzima na sakafu imetoboka.

Za umeme, kwa ufupi

Mchina hutomkuta, 2024 serikali ya Marekani iliziwekea ushuru wa asilimia 100 gari zake za umeme, BYD utaziona Nairobi kabla hujaziona Columbus, Ohio. Kwenye mitumba ya hukuhuku nampa Mmarekani, Chevrolet Bolt. Mwaka 2021 GM waliziita zote toka ya 2017 kwasababu betri zilikuwa zinaweza kuwaka moto, nyingi zikafungwa betri mpya, na jina likaharibika bei ikaanguka. Iliyobadilishiwa betri ni gari ya zamani yenye moyo mpya. Uliza makaratasi ya betri, na uwe na pa kuchajia nyumbani, kama unakaa apatimenti isiyo na plagi nje achana nayo.

Kama una wazo la kuja kuituma nyumbani

Kenya, Uganda na Tanzania usukani ni kulia, gari ya huku usukani uko kushoto, kwahiyo iwe Ford iwe Lexus hilo wazo lifute, Kenya hawakusajilii hata ukilia. Watu wa Kongo, Burundi na Rwanda barabara zenu ni za kulia kama huku, usukani hausumbui, kwahiyo nyie mnaweza kununua leo mkiwa na miaka mitano mbele kichwani. Hapo chukua Toyota, RAV4, Highlander au 4Runner, kwasababu spea ya F-150 Bukavu utaiagiza kwa ndege. Hata upande wa Kenya ambako GM walikuwa na kiwanda toka miaka ya 70, 2017 waliuza hisa zao kwa Isuzu wakaondoka, jina likabadilika kuwa Isuzu East Africa. Ila ukituma, hakikisha taito ya gari (hati ya umiliki) iko safi kwa jina lako na deni limeisha, maana gari yenye deni la benki haitoki bandarini.